Sanduku la Njiwa Kwenye Meza ya Mababu

Inatangazwa kwa wakazi wote wa Uchochoro wa Kumi na Saba, mjini Pingtung, kwa wenye seva za nyumbani na wasio nazo, kwa waliopoteza picha za harusi zao na kwa wanaotamani wangezipoteza, kwamba Mheshimiwa Kan Wen-pin, mkaguzi mstaafu wa lifti, mzee wa kanisa, mwogeleaji wa kila asubuhi na mmiliki wa bisibisi kumi na nne, ndiye Daktari Mkuu wa Diski, Mlinzi wa Ruta na Mfufuaji wa Mafaili katika eneo lote linaloanzia kwenye kibanda cha maziwa ya soya hadi kwenye karakana ya pikipiki. Hakuna aliyempa cheo hicho. Hakuna pia anayeweza kumvua.

Mtu mwenyewe ana umri wa miaka sitini na miwili, mwili mwembamba, na nywele zinazonuka dawa ya bwawa la kuogelea. Kwa miaka thelathini na minne alikagua lifti za hospitali, hoteli na majengo ya serikali, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kutia sahihi kwenye cheti cha lifti ambayo hakuipanda mwenyewe mpaka juu. Ukimwambia lifti inafanya kazi, anakuangalia kama umemwambia kuku wako anaongea.

Alipostaafu, mikono ikamwasha. Ikatokea kwamba nusu ya nyumba za uchochoro wetu zina seva. Si zile za mabenki. Ni kisanduku cheusi, kikubwa kama birika la umeme, chenye diski mbili tumboni na waya unaokwenda kwenye ruta, kinachohifadhi kila kitu ambacho simu imeshindwa kumeza. Vijana wetu wanafanya kazi kwenye viwanda vya kompyuta kule kaskazini, na wakija kusalimia wazazi wakati wa mwaka mpya, wengine huleta nanasi, wengine huleta seva. Nanasi huliwa. Seva hubaki, na siku ya tatu taa moja inaanza kuwaka rangi isiyoeleweka, na kijana ameshapanda treni.

Hapo ndipo Kan huitwa. Huja baada ya chakula cha mchana na daftari la jalada gumu. Swali la kwanza ni lile lile, awe anaongea na profesa au na muuza samaki:

"Nani amegusa?"

Na jibu ni lile lile:

"Hakuna aliyegusa."

Kan huandika: *Hakuna aliyegusa*, kisha hupiga mstari chini yake, mistari miwili kama mwenye nyumba amejibu haraka mno.

Swali la pili ni kama ile pakiti ya kijani ya vitafunio vya nazi ipo juu ya mashine, kwa sababu kila fundi wa kisiwa hiki anajua kwamba mashine isiyo na pakiti ya kijani hufanya kiburi. Ya njano haifai. Iliyopita tarehe ni mbaya kuliko kutokuwa nayo kabisa. Mchungaji aliwahi kumuuliza mzee wake wa kanisa inakuwaje anaamini pakiti ya vitafunio. Kan akamjibu, "Hiyo si imani, mchungaji. Hiyo ni matengenezo." Chumba cha vipaza sauti cha kanisa nacho kina pakiti.

Mwaka huo wa joto kubwa, mgonjwa wake sugu alikuwa seva ya Dada Hsiu-o, nyumba ya nne upande wa kushoto. Nayo haikuwa na picha za harusi. Ilikuwa na njiwa.

Mume wake, Shih Tien-fu, alifuga njiwa wa mashindano juu ya paa kwa miaka ishirini na mitatu. Njiwa hupelekwa baharini kwa meli, hufunguliwa, na mwenye njiwa hubaki juu ya paa akitazama anga mpaka shingo igome. Miaka kumi na mmoja ya mwisho Tien-fu alinasa kila marejeo kwa kamera ndogo, huku yeye mwenyewe akitangaza kama yuko redioni: nani ametua, nani amechelewa, nani ni mvivu kama mama yake. Kisha Februari kiharusi kikampiga, kikamwachia miguu na kumnyang'anya maneno. Alibaki na neno moja, "haya", ambalo alilitumia kwa uji, kwa maumivu na kwa mkewe.

Mwalimu wa kusema, binti mmoja wa hospitalini, alijaribu kadi zenye picha za tufaha na viatu. Tien-fu alizitazama kama mtu anayeoneshwa tiketi za mji asiotaka kwenda. Ila siku Hsiu-o alipofungua kwenye tableti mojawapo ya zile video zilizo ndani ya seva, midomo ya mzee ikaanza kutembea pamoja na sauti yake ya zamani. Binti akasema: kila asubuhi, saa tatu, nusu saa, bila kukosa. Maneno yako mle ndani, na njia ya kuyafikia ni hiyo. Usimkatishe.

Kufikia Mei mzee alikuwa na maneno ishirini na sita. Hsiu-o aliyaandika kwenye mlango wa friji.

Kisha seva ikaanza kupotea.

Haikuwa kila siku. Ingekuwa kila siku, Kan angeikamata. Asubuhi fulani tableti inasema haioni kitu, mzee anasubiri, anapiga meza, "haya, haya, haya", na siku mbili zinazofuata hataki hata kufungua mdomo. Mwezi Juni maneno yakarudi hadi kumi na tisa. Hsiu-o alifuta saba kwa kitambaa cha vyombo, moja moja, na hakumwambia mtu, ila friji iko mkabala na dirisha na sisi tuna macho.

"Nani amegusa?" aliuliza Kan.

"Nani aguse, Kan? Mimi naogopa hata kuitazama," alisema Hsiu-o.

"Taa zinasemaje?"

Seva ilikuwa ghorofa ya nne, juu kabisa, na ruta ilikuwa chini sebuleni. Hsiu-o, na miaka yake sabini na mmoja, alipanda ngazi, na baada ya muda sauti yake ikashuka: "Kijani! Zote kijani!"

"Pakiti ipo?"

"Ipo! Mpaka Desemba!"

Sasa hapa niseme jambo la kumwaibisha Daktari Mkuu, kwa kuwa yeye mwenyewe alishalisema mbele ya watu. Kan hakupanda. Ghorofa ya nne ya nyumba ile ni chumba cha mababu, na ukoo wa Kan ni wa kanisani tangu babu yake. Hakuwa na ugomvi na mababu wa watu. Aliona tu ni adabu kutokwenda kusimama mbele yao mikono mitupu, bila kijiti cha udi, kama mkaguzi wa maji. Kwa hiyo mtu ambaye hakuwahi kuamini lifti bila kuipanda aliamini seva kwa kupigiwa kelele kutoka ngazini.

Akatibu kilichokuwa chini. Aligundua kwamba ruta inaipa seva anwani mpya kila inapozimika na kuwaka, na tableti ilikuwa bado inabisha hodi kwenye anwani ya zamani. Akaipa seva anwani ya kudumu, isiyobadilika. Akabadilisha waya. Akaondoa ruta nyuma ya tangi la samaki, jambo ambalo lilipaswa kufanywa hata kama pasingekuwa na seva. Mambo yakatengemaa, wiki mbili. Kisha, Agosti mosi, saa tatu asubuhi: hakuna kitu.

"Mjomba Kan," alisema Po-yen, mtoto wao, kwenye simu kutoka Hsinchu, "nunua tu mpya. Hiyo ni ya mwaka juzi."

"Wewe ulipokuwa wa mwaka juzi ulikuwa unajinyea," alisema Kan. "Hatukununua mpya."

Alikaa na daftari lake. Tarehe alizoandika zilikuwa hizi: Mei kumi na tisa, Ijumaa. Juni pili, Ijumaa. Juni kumi na nane, Jumapili. Julai pili, Jumapili. Julai kumi na nane, Jumanne. Agosti mosi, Jumanne. Mara mbili Ijumaa, mara mbili Jumapili, mara mbili Jumanne. Ni mashine gani hii yenye ratiba ya mapumziko? Alipekua mipangilio yote akitafuta kazi inayojianzisha kila baada ya wiki mbili. Haikuwepo. Akalipigia simu shirika la umeme, akaongea na watu wanne, na wa nne akamshauri aweke pakiti ya kijani.

Mkewe akamwambia, "Wen-pin, unaongea usingizini. Umesema 'Jumanne' mara tatu. Nani huyo Jumanne?"

Agosti kumi na sita, baada ya chakula cha mchana, aliitwa tena. Alipofungua mlango wa nyumba ya nne alisikia kutoka juu mlio mwembamba, *pii, pii, pii*, kama kifaranga kilichokanyagwa. Tien-fu alikuwa kwenye kiti chake sebuleni, tableti mapajani, kioo cheupe.

Mlio ule Kan aliujua. Ni wa diski inayokata roho.

"Dada, napanda."

"Kan, kule..."

"Wataniwia radhi."

Alipanda ghorofa zote nne, akafika mlangoni, akasimama.

Mbele yake palikuwa na meza kubwa ya mababu, ya mti mwekundu. Majina ya ukoo wa Shih katikati. Taa mbili nyekundu, moja kila upande. Machungwa, tunda la joka, keki. Na kati ya taa ya kushoto na chungu cha udi, mahali pa heshima, iliketi seva, pakiti ya kijani kichwani, imefunikwa majivu laini ya udi mpaka imekuwa ya kijivu kama punda.

"Dada Hsiu-o," alisema Kan polepole, "nani ameiweka hapa?"

"Mimi. Po-yen alisema niweke mahali ambapo umeme hauzimwi kamwe. Sasa kwenye nyumba hii ni wapi? Televisheni nazima. Kiyoyozi nazima. Taa za mababu hazijazimwa tangu nimeolewa."

Huwezi kumpinga.

Aliinama, akaweka kiganja nyuma ya sanduku, akakiondoa haraka. Feni ilikuwa imezibwa na majivu mpaka haizunguki, inatikisika tu. Kwenye simu yake joto lilisoma nyuzi sitini na tatu. Diski ya kwanza: inakufa. Ya pili: nzima, kwa sasa. Miaka kumi na mmoja ya njiwa ilikuwa juu ya meza ile ikichomwa polepole kwa udi wa heshima.

Alipogeuka macho yake yakakutana na kalenda ya kuchana ukutani. Juu, namba kubwa nyeusi: kumi na sita. Chini yake, maandishi madogo mekundu: mwezi wa saba, mosi. Ya mwezi mwandamo. Kwake Kan kalenda ni ya kanisa, yenye picha ya ziwa, na haina maandishi mekundu.

Alifungua daftari.

"Dada, Mei kumi na tisa ilikuwa nini kwa mwezi mwandamo?"

"Mosi, mwezi wa nne," alisema Hsiu-o bila kufikiri. "Niliweka maembe."

"Juni pili."

"Kumi na tano. Maembe tena, yalikuwa bei rahisi."

"Juni kumi na nane?"

"Mosi, mwezi wa tano. Siku nne kabla ya sikukuu ya mitumbwi. Kwani ninyi kanisani hamjui hata mwezi umeandama?"

"Julai pili. Julai kumi na nane. Agosti mosi."

"Kumi na tano, mosi, kumi na tano. Litchi, litchi, tunda la joka. Unanifanyia mtihani?"

"Siku hizo unafanya nini hapa juu?"

"Nafanya nini? Nabadilisha matunda, nafuta meza, nawasha kile kisanduku cha dua zilizorekodiwa kiimbe mpaka saa sita."

Kan alitazama nyuma ya meza. Soketi tatu. Taa ya kushoto, taa ya kulia, seva.

"Kisanduku cha dua unakichomeka wapi?"

Chini, Tien-fu aligonga meza mara moja.

"Ulitaka nizime taa za mababu?" alisema Hsiu-o.

"Dada! Nimekuuliza mara sita nani amegusa!"

"Sanduku sijaligusa! Nimechomoa plagi tu, na nikairudisha! Na ulipokuwa ukija taa zilikuwa kijani, ni uongo?"

"Si uongo," alisema Kan. "Kosa ni la aliyebaki chini." Aliketi kwenye ngazi. Akamweleza bila kumpigia kelele: kila unapochomoa ghafla, diski inakuwa katikati ya kuandika, kama kumpokonya mtu kalamu mkononi. Ikiamka inaanza kujikagua upya, saa nyingi, na inajikagua huku inaungua. Sasa moja inakufa. Ya pili imezaliwa siku moja na ya kwanza na imevuta udi ule ule. Ikifuata mwenzake, sauti ya kaka Tien-fu imekwenda. "Lazima niizime vizuri na kuishusha sasa hivi."

Hsiu-o akaweka mkono juu ya meza. "Huwezi kuondoa kitu kwenye meza hii bila kuuliza. Na leo ndiyo mosi ya mwezi wa saba, milango ya wafu imefunguliwa asubuhi hii. Mama mkwe yuko hapa, Kan. Yuko hapa kabisa."

"Basi muulize. Ila upesi."

Akachukua vibao viwili vyekundu vya kuulizia mababu, vyenye umbo la kipande cha mwezi. Kimoja kikilala tumbo na kingine mgongo, mababu wamekubali. Akawasha udi. Kan akausogeza moshi kwa daftari usiende kwenye feni, akajidai anajipepea.

"Mama, nauliza, naweza kuondoa sanduku hili?"

Vibao vikaanguka, vyote tumbo juu. Mababu wanacheka: si ndiyo, si hapana.

"Mama, sanduku ni bovu. Naweza kuliondoa?"

Vyote mgongo juu. Hapana.

"Nyuzi sitini na nne," alisema Kan.

"Nyamaza, usimharakishe, ndiyo anakuwa mbishi. Ulimjua? Aliwahi kukataa kupanda teksi ya rangi ya buluu." Akarusha mara ya tatu. Wanacheka tena.

Kan, mzee wa kanisa kwa miaka kumi na tisa, alijikuta anasema: "Dada, unamuuliza habari za sanduku. Sanduku yeye analijua wapi?"

Hsiu-o aliviokota vibao. Kisha akazungumza si kwa sauti ya ibada bali ile ya jikoni, ya wanawake wawili waliopikia sufuria moja kwa miaka thelathini.

"Mama. Mwanao hasemi. Ana maneno kumi na tisa tu, na moja ni jina lako. Yaliyobaki yamo humu, yanaungua. Nimeyaunguza mimi, kwa kukuheshimu wewe. Sasa nisaidie."

Vibao vikaanguka. Kimoja tumbo, kimoja mgongo.

Hsiu-o alilibeba sanduku mwenyewe, mara Kan alipolizima kwa kitufe na kungoja taa zote zife. Likapumzishwa sebuleni mpaka kesho yake, kwa sababu Kan alikataa kuliwasha likiwa la moto. Hakumficha mtu: diski zilizochoka zikisimama, zinaweza kugoma kuamka.

Asubuhi hakwenda bwawani. Alilifungua sanduku kwenye meza ya kulia chakula, akalipiga brashi ya rangi ya nyumba, akatoa majivu yaliyojaza kikombe cha chai. Hsiu-o akataka kujua kama yanaruhusiwa kutupwa. Kan akasema hilo halimo kwenye mafunzo yake. Kisha akalielekezea feni kubwa ya kusimama, akabonyeza.

Diski ya kwanza ilikwaruza mara mbili, ikanyamaza, ikafa. Ya pili ikanguruma. Ikanguruma tena. Taa ikawaka kijani.

"Imebaki moja," alisema Kan.

Po-yen akawa kwenye simu, spika wazi: "Mjomba, weka diski mpya ijijenge upya kutoka kwa hiyo nzima! Si ndiyo maana ziko mbili?"

"Ziko mbili ili moja ikifa uwe na muda wa kuogopa," alisema Kan. "Kuijenga upya ni kuikimbiza hii mgonjwa siku nzima. Kwanza tunanakili nje kila kitu, njiwa kwa njiwa. Halafu ijengwe. Na wewe ungekuwa na nakala nyingine hapo kwako tusingekuwa tunalipepea hili."

Po-yen akakumbuka kwamba ana kikao.

Kunakili kulianza saa tatu asubuhi. Hsiu-o alipiga marufuku kukimbia, kufunga milango kwa nguvu na kupiga chafya. Muuza tofu wa baiskeli alipopita na kengele yake alizomewa mpaka akashuka na kuikokota. Kwenye asilimia sabini na moja namba zikasimama. Dakika nne, dakika sita. Kan hakugusa kitu. Alikuwa ameshika ukingo wa meza kama mtu aliye kwenye lifti iliyokatika kamba. Hsiu-o alikwenda akasimama mbele ya friji, kitambaa cha vyombo mkononi, akitugeuzia mgongo sisi tuliokuwa dirishani.

Sabini na mbili.

Saa kumi jioni ikaisha. Kan alichomeka nakala kwenye tableti kabla ya kumwambia mtu chochote, akafungua video ya kwanza iliyojitokeza, akaiweka mapajani mwa Tien-fu. Anga ya buluu, paa, na sauti nene yenye majivuno: "Huyooo! Jenerali anarudi! Wa kwanza! Mtazameni kifua!"

Midomo ya mzee ikatembea. "Huyo..." Akasimama. Akakunja uso, akasogeza kichwa karibu na kioo. Sauti iliendelea kumsifu Jenerali. Tien-fu akainua kidole, akaigonga tableti.

"Huyo si Jenerali," alisema. "Huyo Tangawizi. Mjinga wewe."

Lile "mjinga wewe" alikuwa anajiambia mwenyewe, yule wa miaka saba iliyopita. Halikuwemo kwenye video. Halikuwa hata kwenye friji.

Hsiu-o akalia, akacheka, akashindwa kuchagua. Sisi tuliokuwa dirishani tukaingia bila kukaribishwa, mtu akaleta bia, mwenye karakana akasema hii ni kazi ya kuandikiwa ubao wa dhahabu na kutundikwa hekaluni, mwingine akasema kanisani, wakaanza kugombana. Hsiu-o akamshika Kan mikono yote miwili.

"Mdogo wangu," alisema, "mume wangu alikuwa amezikwa akiwa amekaa kwenye kiti, na wewe umemfukua. Umepigana na moto, umepigana na mama mkwe. Niambie mbele ya watu hawa, nikushukuru kwa kitu gani? Nikufanyie nini maisha yangu yote?"

Kan akafunga bisibisi zake.

"Usichomoe."